Yai Ndani ya Chapati ya Kabichi

Juzi mjukuu wangu wa hapa Masumbwe alinionyesha kwenye simu Wajapani wakimimina unga uliokorogwa na kabichi juu ya bamba la moto. Akaniuliza kama nimewahi kuona chakula cha namna hiyo. Nikamwambia hicho nilikila Kishapu kabla mama yake hajazaliwa, jikoni kwa mama yangu, juu ya mafiga. Akacheka. Acha acheke. Shule niliishia darasa la tatu, lakini tumbo langu limesoma.

Ngoja nikusimulie wewe, rafiki yangu. Miaka ile ya sabini, nikiwa msichana mdogo wa kuchota maji na kuchuma pamba, kwetu alikuja mwalimu wa cherehani, binti wa Kijapani. Mama alikuwa mwanafunzi wake. Siku moja mwalimu akaomba aje nyumbani atupikie chakula cha kwao. Alikuja amekumbatia kabichi kama mtoto, akapiga magoti, akamwamkia bibi yangu mzaa baba shikamoo. Bibi akampenda palepale.

Halafu mambo yakaanza kutuchanganya. Unga wa ngano haukuwepo madukani, akatumia wa muhogo. Kabichi akaikata nyembamba kama nyasi. Dagaa, ambao sisi tunawaosha na kuwachemsha, yeye akawatwanga wakavu. Nyanya akaichemsha kwa chumvi na sukari pamoja. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Sukari na dagaa? Hatukujua tunapikiwa mboga au kitafunwa cha chai. Mama akasonga ugali wa mtama kimyakimya, maana bila ugali, kwetu mtu hajala.

Kisha mwalimu akavunja mayai, akayakoroga ndani ya unga.

Kwetu wakati ule mwanamke hali yai. Msichana akila yai, tuliambiwa, atakuwa tasa. Baba na kaka zangu walikuwa wamepeleka pamba kuuza, kwa hiyo nyumbani tulibaki wanawake watupu, na chakula kimepikwa kwa ajili yetu. Kukataa chakula cha mgeni ni kumtemea mate. Kukila ni kuwatupa watoto wangu ambao hata sijawazaa. Na harufu ile, sikufichi, ilikuwa inanivuta pua.

Bibi akamwambia mama amuulize mwalimu kama huko kwao wanawake hula mayai. Akajibu kwamba hula karibu kila siku. Je, yeye ana watoto wangapi? Bado, hajaolewa. Bibi akamgeukia mama, akamwambia kwa Kisukuma: "Si umesikia mwenyewe."

Chapati ya kwanza ilimeguka mwalimu akiigeuza. Ya pili ikatoka nzima, nene, imeungua kidogo pembeni. Akainyunyizia dagaa, akaipaka nyanya, akaiweka mbele yangu mimi mtoto, akasubiri huku anatabasamu. Mimi nikaikodolea macho tu.

Bibi akaivuta sahani kwake. "Mimi nilishamaliza kuzaa," akasema. "Kama humu kuna kitu, kianze na mimi."

Akamega tonge la ugali, akashikia kipande cha chapati, akatafuna taratibu, uso umekunjamana kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Mwalimu alipoona ule ugali alitoa macho, kisha akacheka, akasema hata kwao wapo wanaokila chakula hicho na wali.

Bibi akameza. "Hiki sikijui ni nini," akasema. "Lakini yai sijalikuta."

Akanimegea, akammegea na mama. Nikala. Utamu, chumvi na samaki vilikuja pamoja, ulimi haukujua ushike kipi. Siku nyingi baadaye nilikuwa nalishika tumbo langu, nalisikiliza. Basi nimezaa, na niliowazaa wamezaa, mpaka majina yao nayachanganya.

Mwalimu alirudi kwao. Jiko lile lilianguka kwa mvua. Mwiko wa yai nao umekufa. Wasichana siku hizi wanakaanga mayai bila kumuuliza mtu, na ni vizuri. Lakini bibi alikuwa amekaa karibu na mafiga, macho mazima, akayaona yale mayai yanavunjwa. Sijui alisema uongo ili mgeni asiaibike, au ili mimi nile, au kweli ulimi wake haukulikuta. Ninachojua ni kwamba mkono wake uliomega lile tonge ulitangulia wangu.