Databesi Yangu, kwa Mkono Wake

Mwishoni mwa miaka ya tisini, ofisi yetu ya Suna ilikuwa na watengenezaji programu watatu na databesi moja tu. Ilikaa kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha pili, na programu tuliyokuwa tukiwaandikia wanunuzi wa tumbaku ilisoma kila kitu humo. Mmoja akijaribu jambo akakosea, kazi ya wote iliharibika. Nilikuwa nimemwambia bosi kila mtu awekewe databesi yake ya kujaribia, kwenye mashine yake mwenyewe. Akajibu, "Tutaangalia."

Kisha akaenda tawi letu la Homa Bay, akakuta mwanamke niliyesoma naye chuoni ameshafanya hivyo hivyo. Alirudi akimsifu mpaka chai yake ikapoa. Wiki iliyofuata akamwita aje atufanyie na sisi.

Alikuja na sidii moja ya kuwekea databesi mkobani, na blauzi iliyonyooka kana kwamba barabara ya Rangwe haina vumbi. Mashine za wenzangu zilikubali bila shida. Yangu ikakwama katikati. Moyoni nilifurahi, nikainamisha uso nisionekane.

"Nafasi imejaa," alisema, kisha akanigeukia mbele ya bosi. "Nyaminwa, si wewe ulinionyesha chuoni namna ya kuhamishia mafaili diski ya pili? Njoo ufanye, mimi nishasahau."

Hakuwa amesahau. Aliniita nyaminwa, yaani dada yake kwa Kijaluo, akanipisha nionekane, na hapo ndipo wivu uliponichoma zaidi. Angekuwa na maringo, ningemchukia kwa raha zangu. Nilihamisha mafaili, akaanza upya, ikaingia.

"Asante sana, madam," bosi akamwambia. Yeye, si mimi.

Kesho yake nilifuta jedwali zima la wakulima kwa bahati mbaya. Nilikaa nikingoja kelele kutoka meza nyingine. Wenzangu waliendelea kuchapa. Kosa lilikuwa kwenye databesi yangu tu, nikalirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Kazi haikuwahi kuniendea vizuri vile, na kadiri ilivyonyooka ndivyo nilivyozidi kununa.

Baadaye alifanywa mkubwa wa ofisi zote mbili. Nilimpigia simu kumpongeza.

"Asante, nyaminwa. Nilisikia lile wazo la kila mtu na databesi yake ulikuwa nalo kabla yangu."

Nikamuuliza habari za watoto.