Jumapili Waliyotaka Niseme Nimesamehe

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, wamama wa kanisa walipojaa nyumbani kwetu karibu na Silibwet kumwombea mama mkwe wangu. Alikuwa amepooza upande mmoja. Mimi ndiye niliyemwosha, nikamlisha uji na kumgeuza asipate vidonda. Mume wangu alifundisha shule ya mbali. Mawifi zangu waliishi Sotik. Walikuja na mkate na maoni mengi.

Nilimtunza vizuri. Ukiniuliza kama nilimpenda, nitakujibu hapana. Mtoto wangu wa kwanza, Chebet, alishikwa na homa siku yetu ya kuchuma chai. Umekulia hapa, unajua jani likipitwa na siku yake linakomaa, na kwenye kituo cha kuuzia chai wanalikataa. Mama mkwe akasema homa itangoja kikapu kijae. Nami nilikuwa mgeni katika boma lile, binti wa kibarua wa shamba kubwa la chai, estate, aliyetoka upande wa ziwa. Nikanyamaza, nikachuma. Tulipofika hospitali tulikuwa tumechelewa. Kwenye mazishi mama mkwe akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyekawia, na hadithi ikabaki hiyo.

Basi Jumapili ile, baada ya maombi, kiongozi wa wamama akasema mgonjwa haponi kwa sababu nyumba ina kinyongo. Akanishika mkono, akanitaka niseme mbele ya wote kwamba nimesamehe chochote nilicho nacho moyoni.

"Watu wa ziwa wagumu hawa," wifi mkubwa akatania. "Hata mwiba wa samaki hawatemi."

Wengine wakacheka. Nilifikiria kulisema tu, yaishe. Lakini mgonjwa akainua ule mkono wake mzima.

"Mwacheni," akasema, neno moja moja. "Huyu alitaka kumpeleka Chebet hospitali. Mimi nikasema chai kwanza. Halafu nikamsingizia."

Kiongozi aliuachia mkono wangu kama aliyeshika sufuria ya moto. Na mimi, mwanangu, nilishtuka kuliko wote. Miaka yote hiyo nilidhani mama mkwe ameuamini uongo wake mwenyewe.

Akanigeuzia macho. "Na usinisamehe kwa sababu nimelala hapa."

"Sijakusamehe, Mama," nikamjibu. "Lakini saa ya kukugeuza imefika."

Nikamwambia wifi ashike upande wa pili. Akashika. Kuanzia wiki hiyo tulipeana zamu.

Msamaha ulikuja baadaye, siku nisiyoijua. Nilijikuta tu namchana nywele huku nikimwimbia.

Mwanangu, usiniamini kwa sababu ya mvi, maneno yangu yapime mwenyewe. Unaweza kumtunza mtu ambaye bado una hasira naye, na si unafiki. Hasira yako isifike tu kwenye kijiko unachomlishia. Anayekuharakisha useme umesamehe, mwulize anataka nani apumzike, wewe au yeye. Na usibebe mgonjwa peke yako ukingoja watu waone haya, waambie waje. Mungu akupe mikono ya upole hata moyo ukikataa, akupe usingizi, na watakaokuwa karibu nawe uzeeni wasiogope kukwambia ukweli.