Maziwa ya Hawo

Hawo huuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na mdomo anao. Awali alikuwa akinadi: "Haya, wallahi, yanashusha sukari!" Maneno hayo aliyaamini mwenyewe. Hata binti yake Ruweyda, mwenye kisukari tangu utotoni, Hawo alimpunguzia sindano za insulini akamwongezea vikombe vya maziwa.

Sasa figo za Ruweyda zimeharibika. Hajamlaumu mama yake hata siku moja, na hilo ndilo linalomchoma Hawo.

Leo alikuja mwanamke kutoka Balambala, amemshika mwanawe mkono. "Nipimie ya huyu. Ana sukari."

"Nani kakudanganya maziwa ni dawa?" Hawo akafoka.

Mwanamke akashangaa. "Si wewe, abaayo, dada yangu? Tangu mwaka jana nampunguzia sindano, kama ulivyoniambia."