Bango la Mama Subira

Leo naweza kulisimulia jambo hili nikacheka, lakini kuna kipindi nilikuwa napita vichochoro vya nyuma Kivinje nzima ili nisionane na mama lishe mmoja, mimi, mtu niliyeishia darasa la tano na mabango yangu yananing'inia mpaka Lindi mjini (nenda kaangalie kama nadanganya).

Walinijia vijana wawili, Zuhura na mwenzake, wanabuni mabango kwenye kompyuta na kazi yao nzuri, ila wateja wanasifia halafu hawarudi. Nikawaambia dawa ninayo. Huyo mama lishe wa sokoni nilishamwonyesha mchoro wa bango, akasema, "Mashallah, unapendeza. Inshallah tutazungumza." Kwangu hiyo ni ndiyo. Nikawafundisha: mteja wa inshallah usimsubiri, unamchapia bango, unampandishia, akiliona jina lake juu hana pa kurudi nyuma.

Jina sikumuuliza, la nini, na soko zima linamwita Mama Subira?

Basi asubuhi moja, watu wamejaa kwake wanakunywa supu, nikapanda ngazi mbele ya wanafunzi wangu nikalikunjua: KARIBU KWA MAMA SUBIRA, CHAKULA CHAPCHAP.

Kicheko kilichotoka hapo, hata waliokuwa wanapaa samaki ng'ambo waliacha visu wakaja.

Mwenyewe akatoka na mwiko. "Fundi, Subira ndiyo nani?"

"Si mwanao, dada?"

"Mwanangu anaitwa Hamisi."

Mzee mmoja akanihurumia, huku anafuta machozi ya kucheka. "Fundi, hilo jina tulimpa sisi. Ukiagiza chakula hapa, njoo na subira yako."

"Kumbe mnaniita hivyo?" akauliza mama, na wote wakainamia mabakuli yao kama wanatafuta mwiba. Akanigeukia mimi. "Shusha."

Niko juu nahangaika na kamba, namsikia Zuhura chini, "Shikamoo shangazi. Wewe mwenyewe ungependa hapa paitwe kwa nani?"

"Marahaba mwanangu. Kwa Mama Hamisi. Na uandike tunapika kwa kuni, hatukimbizwi."

Nilipofika chini walishakaa meza moja wanachagua rangi. Nikaagiza chai nifiche uso kikombeni, ikanifikia adhuhuri inaadhiniwa.

Tangu siku hiyo simchapii mtu kwa inshallah, na jina namuuliza mwenyewe, hata awe mjomba wangu. Lakini mkipita sokoni mkaliona bango la Mama Hamisi lilivyopendeza, mjue aliyelibuni nimemfundisha mimi.