Gego Aliloligusa Mama Yake

Mama yake ndiye aliyeligundua. Wakati huo alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani, lakini kila jioni alimwita binti yetu, akanawa mikono kwenye beseni nililomshikia, akapitisha kidole kwenye fizi zake. Jioni moja akatabasamu. Huko nyuma kabisa, nyuma ya meno yote, kulikuwa na kitu kigumu kinachochomoza. Aliniambia niguse nami. Nilicheka tu, nikasema vidole vyangu vimejaa sementi.

Tulimzika nyumbani, magharibi, tukarudi mtaani kwetu Kabiria tukiwa wawili. Kazi ya meno ikawa yangu. Nilimsugua mtoto jinsi nyanya yangu alivyonisugua mimi, kwa makaa yaliyosagwa na chumvi kidogo, na meno ya mbele yaling'aa hata mwalimu wake akayasifu. Kisha asubuhi moja, amesimama mlangoni kwenye mwanga, akapiga mwayo. Juu ya lile gego nikaona mstari mweusi.

Jirani yetu, mpika chapati aliyekuwa rafiki wa mke wangu, alichungulia akaona ni jambo dogo. "Shemeji, hiyo ni ya maziwa. Ng'oa tu, itaota ingine." Alimjua mtu karibu na soko la Dagoretti ambaye hung'oa kabla mtoto hajalia. Nusura niende. Lakini nilikumbuka kwamba pale nyuma hakuna jino lililowahi kung'oka. Na sikutaka liondoke, hilo ndilo la kweli zaidi.

Tukaenda mjini, kwenye kliniki ambako madaktari wanafunzi huwatibu watoto. Mwalimu wao, mama mpole, aliniambia kwamba hilo si jino la maziwa. Huota mtoto akiwa na miaka kama sita, bila kusukuma jingine, na likitoka halirudi. Kisha akaniuliza kama ningekubali wanafunzi wake walipime kwa njia tatu, wapate kuzilinganisha. Mmoja angelikausha kwa hewa na kuliangalia kwa macho. Wa pili angelipiga eksirei. Wa tatu alikuwa na kifaa kama kalamu, chenye mwanga mwekundu, kinacholia kikihisi uozo. Kila mmoja angemnong'onezea mwalimu jibu lake, wenzake wasisikie.

Nilikubali upesi. Nilikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayetazama penalti, na tangu mazishi sikuwa nimewahi kutamani kitu kwa nguvu hivyo.

Wa macho alisita. Aliona weusi, hakuona ukingo wa tundu. Picha haikuonyesha tundu, ingawa mwalimu alisema uozo mdogo wa juu ya jino huweza kujificha kwenye picha. Kalamu nayo ilipiga kelele chumba kizima kikageuka. Binti yangu akacheka mdomo wazi, akasema inalia kama simu yangu. Majibu yalipotajwa, kijana wa kalamu alisema lichimbwe leo hii. Yule wa macho akamkatalia, wakaanza kubishana pale pale juu ya kichwa cha mtoto.

Mwalimu akanigeukia. "Baba, humsugua na nini?"

Wote walinitazama katika makoti yao meupe. Uongo, kwamba ni dawa ya meno ya dukani, ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu.

"Makaa," nikasema. "Makaa na chumvi."

Hakuna aliyenicheka. Mwalimu alisema kalamu ile hudanganywa na uchafu ulioshika kwenye mifereji ya jino. Wakalisafisha kwa burashi ndogo inayozunguka, wakalikausha, wakaanza upya. Weusi ulikuwa umeondoka. Pembeni tu palibaki weupe kama wa chaki. Kalamu ikalia kidogo, ikanyamaza.

"Halijatoboka," mwalimu akasema. "Limeanza kulainika hapa pembeni tu. Tutaliziba juu kwa utando mwembamba na kuliangalia mara kwa mara. Linabaki." Akawageukia wanafunzi, akawaambia ndiyo sababu haamini njia moja peke yake.

Nilimwomba arudie lile neno "linabaki". Akalirudia.

Kijana wa kalamu alitusindikiza hadi mlangoni. "Mzee, ungenidanganya, ningelichimba," akasema, akampa mtoto mswaki mpya.

Jioni jirani alikuja na tochi ya simu, akachungulia kwa muda mrefu. "Kumbe hii ni ya kuzeeka nayo," akasema, na akaniagiza makaa yabaki jikoni.

Alipoondoka nilinawa mikono. Sementi haitoki yote chini ya kucha, lakini nilisugua mpaka maji yakawa safi. Binti yangu akafungua mdomo bila kuambiwa. Nikapitisha kidole kwenye fizi.

"Mama alikuwa anafika mbali zaidi," akasema.

Nikasogeza kidole mpaka nyuma.