Siku Kabichi Ilipoishinda Ulaya

Nyinyi mliokulia Bahati enzi zetu, mnaikumbuka ile sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi nyuma ya stoo. Asubuhi ilikuwa ya akina mama. Alasiri, mahindi yakishazolewa na vumbi lake likiwa bado linatuwasha shingoni, ilikuwa yetu. Hapo tuliruka kamba, tukala viazi vya kuchoma vilivyotuunguza ulimi, na aliyechapwa nyumbani alikuja kulilia hapo hapo.

Desemba moja watoto wa mtaa wa Free Area, kule mjini, walikuja kukaa kwa nyanya yao. Jirani mwenye runinga akatufungulia mlango sote, tukaona timu ya Ulaya na ya Marekani zikishindana kuangusha pini kumi kwa mpira mzito. Kesho yake tukasimamisha magunzi kumi. Wageni wakawa Ulaya kwa sababu walivaa viatu. Sisi tulikuwa na nyayo tu, tukawa Marekani. Mpira ulikuwa kabichi ya Mau Narok, ngumu kama jiwe. Nahodha wao, Njoroge, akatangaza kwamba watakaoshindwa hawatakanyaga sakafu ile hadi shule zifunguliwe. Kwa kiburi chetu tukakubali.

Njoroge alikuwa na shabaha jamani. Sote tulivingirisha katikati, kabichi ikatoroka kushoto na kuacha magunzi ya kulia yamesimama, lakini yeye aliangusha mengi kuliko sisi. Ulaya wakawa mbele kwa magunzi tisa, na aliyebaki kwetu alikuwa mimi, msichana wa miaka kumi. Nilitaka kulia. Likizo nzima tungecheza wapi, kwenye boma la ng'ombe?

Ndipo nikakumbuka ufagio. Kila asubuhi nilifagia sakafu ile na mama, naye hakuchoka kuniambia, "Fagia ukifuata maji." Fundi aliijenga ikiinamia kushoto ili mvua isituame. Watu wa viatu wangejuaje? Nikalenga kulia kabisa, mbali na magunzi.

"Huyo anarushia kuku," Njoroge akasema, wenzake wakacheka.

Kabichi ikaenda polepole, ikaanza kukunja kushoto, ikakunja tena, ikagonga gunzi la mbele ubavuni. Yote kumi chini. Nilibebwa juu juu hadi kwa mama, ambaye aliitazama kabichi iliyopasuka akasema tuilete aipike. Ushindi ule tuliula kwa ugali, Ulaya wakiwa wamekaa nasi, na sijaonja kabichi tamu vile tena.

Siku hizi mwanangu huangusha pini kwa kidole, akiwa amelala kitandani, simu ikimpigia makofi. "Mathe, hii game ni ngumu," huniambia. Pole yake. Stoo ilibomolewa, pakajengwa nyumba za kupangisha, na hakuna mtoto pale anayejua maji ya mvua hukimbilia wapi.

Juzi nilikutana na Njoroge sokoni, kichwa kimejaa mvi. Kabla hata ya salamu alisema ile sakafu ilikuwa imepinda.

"Hata kwetu ilikuwa imepinda," nikamwambia, nikamchagulia kabichi.