Leso ya Mheshimiwa

Juzi hapa Najma, jirani yangu Mhindi, alinisimulia akicheka kuwa mama yake kwao India amepewa sari na mgombea wa uchaguzi. Papo hapo nikasikia harufu ya leso mpya, ile inayokaribia mafuta ya taa.

Nilipokuwa mdogo, mheshimiwa mmoja aliyetaka ugavana aliwagawia kina mama wa kwetu leso zenye picha yake. Walimwimbia mpaka vumbi likatimka. Mimi nilidhani kuvaa leso ndiko kupiga kura. Redio iliposema ameshindwa na mpinzani wake, yule aliyetujengea zahanati ya kujifungua bure, nililia.

“Mama, si mlivaa leso yake?”

Mama alikuwa amembeba mgongoni mdogo wangu, aliyezaliwa zahanati hiyo, kwa leso ileile.

“Tulivaa,” akasema. “Tena nzuri, haichuji.”